Mvua ya Robo Kikombe

DAFTARI LA MVUA
Kituo: Kwemhafa, milima ya Usambara
Mpimaji wa kujitolea: Yonathani Shekalaghe (mgonjwa)
Anayemshikia: Nastazia, mkewe

1 Novemba. Milimita 0.0. Maelezo: Jua.
2 Novemba. 0.0. Jua.
3 Novemba. 0.0. Jua. Mgonjwa amelia.
4 Novemba. 3.9.
5 Novemba. 4.1.
6 Novemba. 4.0.


1

Afadhali ulisikie kwangu kabla hujalisikia bombani. Mimi ndiye Nastazia. Kiharusi kilimwangusha mume wangu mwezi wa saba, kikamwachia upande mmoja wa mwili na maneno machache. Katika hayo machache, moja halikosi kila asubuhi nikirudi kutoka kwenye kipima mvua:

“Ngapi?”

Miaka thelathini na moja ameipima mvua ya mlima huu bila kuruka siku. Hata siku tuliyomzika mama yake alipima kwanza. Na mwaka huu vuli imegoma. Sifuri, sifuri, sifuri. Siku ya tatu nilipomwambia sifuri, jicho la upande wake mzima likatoa machozi, na mimi sina moyo wa jiwe.

Kesho yake nilichukua robo kikombe cha maji ya mtungini, nikatia kwenye kipimo. Nikasubiri saa tatu ifike. Nikapima.

Usiniangalie hivyo. Nilipima kweli.


2

SHERIA ZA MPIMAJI
(kwa mwandiko wa Shekalaghe, zimebandikwa mlangoni)

Soma saa tatu kamili asubuhi.
Kilichomo ndicho kinachoandikwa.
Matone yasiyofika kipimo, andika: DALILI.
Ukishaandika, mwaga.
Usikisie.
Usiionee mvua huruma.


3

Kilichomo ndicho kinachoandikwa. Sasa wewe niambie, ningefanyaje? Maji yalikuwamo.


4

Mimi ndiye mvuke. Hunioni.

Niko katika pumzi uliyoitoa sasa hivi. Niko kwenye kanga iliyoanikwa, kwenye majani ya migomba, kwenye bahari kule Tanga ambako jua huniinua bila kuniuliza. Upepo hunisukuma mpaka nikutane na mlima, na mlima haupishi mtu. Napanda. Kadiri ninavyopanda napoa, na nikipoa nataka kuwa maji tena.

Lakini siwezi peke yangu. Natafuta chembe. Ya vumbi, ya moshi wa jiko, ya chumvi. Kitu chochote kidogo cha

kushika.


5

Hayo ya mvuke na kushika alinifundisha mume wangu, jikoni kwa mama yangu, alipokuja kuposa. Wenzake huja na maneno matamu, yeye alikuja na birika.

“Tazama mdomoni mwa birika, Nastazia. Pale karibu kabisa unaona nini?”

“Sioni kitu.”

“Huo ndio mvuke. Ule mweupe unaouona mbele yake ni matone madogo sana, mvuke umeshapata baridi. Wingu ni hivyo hivyo. Na matone hayo yataelea tu, mpaka yagongane na kuungana. Tone moja la mvua limekusanya kama milioni.”

“Milioni! Nani aliyahesabu?”

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Nikasema moyoni, huyu ndiye.


6

(Bombani, ndoo zikiwa kwenye foleni)

— Eti kwa Nastazia mvua inanyesha.
— Inanyesha wapi? Ukuta wake na wangu ni mmoja, mimi natimua vumbi.
— Basi ina ubaguzi.
— Mwacheni. Anamuuguza mtu.


7

OFISI YA KUMBUKUMBU ZA MVUA, KANDA
YAH: TAKWIMU ZISIZOLINGANA, KITUO CHA KWEMHAFA

Husika na somo tajwa hapo juu. Kituo chako kimetuma kwa simu taarifa za mvua kwa siku kumi na moja mfululizo, ambapo vituo vyote jirani havikupata mvua.

Unatakiwa kutoa maelezo ya maandishi ndani ya siku saba. Yasiporidhisha, kituo kitafutwa, na kumbukumbu zake ZOTE tangu kilipoanza zitagongwa muhuri: HAZIAMINIKI.

Ndimi,
S. Kajigili (Bi.)
Afisa Kumbukumbu


8

Zote.

Miaka thelathini na moja.

Nilikaa na ile barua kwenye kanga siku mbili. Uji wa mgonjwa niliutia chumvi mara mbili, akaunywa hivyo hivyo.


9

“Baba Hoza,” nikamwita mume wangu.

“Mm.”

“Ile mvua nilikuwa naitia mimi.”

Upande wa uso wake unaomtii ukatabasamu. “Na...jua.”

“Unajua? Tangu lini?”

“Siku ya... kwanza. Bati.”

Jamani, bati! Tunalala chini ya bati, panya akipita tunaamka sote. Milimita nne zinyeshe, bati lisitamke neno? Niliona aibu, kisha nikaona hasira.

“Kama ulijua, mbona uliniuliza kila siku?”

Alihangaika na jibu, midomo ikitafuta njia.

“Ulikuwa... unarudi... mbio.”

Nililia pale pale, naye akanishika kidole kwa mkono wake mzima. Ningeweza kuishia hapo. Lakini barua ilikuwa kiunoni, nikaitoa, nikamsomea. Tabasamu likaondoka.

“Uli...andika? Daftarini?”

Alidhani namdanganya yeye tu. Hilo la kudanganywa yeye alishalisamehe. La daftari aligeukia ukutani, na mgongo wake ulikaa hivyo mpaka jioni.

Jioni akasema: “Kalamu.”


10

Kwa Bi. Kajigili,

Shikamoo kama umenizidi, na kama sivyo, pokea salamu zangu. Mvua ya tarehe 4 hadi 14 ni maji ya mtungi. Niliyatia mimi kwa kikombe cha chai, ili mgonjwa wangu apate namba ya kuamkia. Hakujua kama naandika. Miaka thelathini na moja ni yake. Siku kumi na moja ni zangu. Naomba mzitenganishe, na muhuri mnigonge mimi.

Nastazia Shekalaghe


11

Mimi tena, mvuke.

Kila asubuhi Nastazia alipomaliza kupima alinimwaga chini ya mgomba, kama sheria inavyosema. Robo kikombe mara kumi na moja. Udongo ulikunywa kidogo, jua likainua kilichobaki. Nimekuwa nikizunguka mlimani na wenzangu wa baharini. Hatujambo. Tunapoa. Siahidi


12

KWA SIMU: Barua yako imepokelewa. Nitafika mwenyewe tarehe 24, saa tatu asubuhi. Kipimo kisiguswe kabla sijafika. S. Kajigili.


13

Tarehe ishirini na nne niliamka kwenye ukungu. Mgomba sikuuona. Bati lilikuwa kimya usiku kucha, nakuapia. Nikasogea kwenye kipimo, mikono nikaifunga nyuma kama mfungwa, nikachungulia.

Chini kabisa ya chupa, unyevu. Matone mawili, labda matatu.

Leo! Siku ya leo, kati ya siku zote.

Nikafikiri kuyafuta kwa ncha ya kanga. Nani angeniamini mimi?

Sikuyafuta.

Bi. Kajigili alifika na viatu vyenye vumbi, mwanamke mfupi, mpole kuliko barua zake. Akachungulia. Akanigeukia.

“Mama, haya maji?”

Nilichukua daftari, nikaandika.

24 Novemba. DALILI. Maelezo: Ukungu. Si mimi.

Akasoma. Akatoa mkobani muhuri na kalamu, akaviweka vyote viwili juu ya ukurasa. Mkono wake ulikuwa bado haujachagua.

Juu yetu,

ta.

Kimya.

ta. ta

“Mama Hoza!” Sauti ilitoka ndani, nzima, bila kukatika, sauti niliyokuwa sijaisikia tangu mwezi wa saba. “Bati!”