Mchoro wa Mkeka wa Mwamini

Siwema alifika Kibaha saa tatu asubuhi, amekaa juu ya magunia ya makopa ya muhogo katika lori lililotoka Kisarawe, daftari jipya amelifunga kwenye leso lisiingie vumbi. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1953, siku ya mkutano wa wachora kanga. Mwalimu wake wa darasa la kazi za mikono, Bi Zubeda, alikuwa amemwagiza aandike mawazo yake juu ya wachoraji na mitindo yao, ayasome mbele ya wenzake Jumatatu. Bi Zubeda mwenyewe alitangulia jana yake. Daftari lilikuwa jipya kwa sababu lile la zamani lilikuwa kwa mwalimu tangu mwezi wa Ramadhani, likisahihishwa.

Katika daftari hilo la zamani mlikuwa na mchoro wa mkeka wa mama yake. Mama yake, Mwamini wa Kibuta, alikuwa akiusuka mkeka huo uchungu ulipomshika. Akauweka kando, akamzaa Siwema, akaurudia baada ya arobaini, na mkono ukawa umesahau ulipoishia. Mistari mitatu ya ukindu mwekundu ikarukwa. Majirani walimwambia afumue, akakataa. Binti yake alipokua alimwonyesha lile kosa kwa kidole na kumwambia, "Hapo ndipo ulipo wewe."

Mwamini alipofariki, mkeka ule ndio uliompeleka kaburini, na haukurudi. Siwema alikuwa ameuchora siku moja kabla, mama akiwa bado amelala juu yake, anapumua kwa shida. Bi Zubeda alikuja matangani, akalala chini siku tatu pamoja na wafiwa, akamlisha Siwema uji kijiko kwa kijiko mpaka akaweza kula mwenyewe. Siwema alimpenda Bi Zubeda. Alipoombwa daftari alilitoa kwa mikono miwili.

Mkutano ulifanyika katika ghala la mkonge lililofagiliwa vizuri. Bwana Isihaka wa Dar es Salaam, aliyechora korosho kwenye kanga kwa miaka ishirini, alisimama akatangaza kwamba korosho zimepitwa na wakati. Siwema aliandika kuwa mchoraji mkubwa akisema hivyo, wadogo wote huanza kuficha korosho zao chini ya meza, na aliwaona wakizificha. Wachoraji wengine wawili walibishana juu ya upana wa pindo hadi chai ikapoa. Siwema aliandika kuwa wote wawili walivaa suruali, na hakuna aliyewauliza wanawake waliopika chai hiyo wanajifunga kanga namna gani.

Baada ya adhuhuri kikafunuliwa kitambaa cha mtindo wa mwaka. Kilikuwa mkeka wa Mwamini, umejaza mji wote wa katikati, mwekundu na mweusi, pamoja na mistari mitatu iliyorukwa. Chini yake kiliandikwa jina la Bi Zubeda. Mwalimu alieleza kwa sauti ileile ya darasani kwamba mruko ule aliubuni makusudi ili jicho lipate mahali pa kupumzika. Bwana wa kampuni ya vitambaa aliandika maneno hayo yote. Siwema hakuandika kitu. Alihisi kama mtu aliyepigwa na mkono uliokuwa ukimlisha.

Ilipokaribia alasiri, mchoro ulianza kushuka. Ilitangulia mistari myekundu, ikafuata myeusi, imejipanga kama siafu. Ilipofika sakafuni ilisubiri sinia la vikombe lipite, kisha ikavuka ghala, ikapanda miguuni mwa Siwema na kutulia mikononi na shingoni mwake. Pengo la ile mistari mitatu iliyorukwa liliangukia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kitambaa ukutani kilibaki cheupe.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akasema mchoro umehamia kwa yule binti, basi na aje mbele.

Siwema alikwenda mbele. "Huu ni mkeka wa mama yangu," alisema. "Mwamini wa Kibuta."

Mwenyekiti akamgeukia Bi Zubeda na kumuuliza kama anamfahamu binti huyo.

"Ni mwanafunzi wangu," alisema Bi Zubeda.

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Siwema aliombwa anyooshe mikono ili fundi anakili upya mchoro kwenye karatasi, maana kitambaa hakikufaa tena. Kazi ilichukua saa nzima. Mikono ilipoanza kumtetemeka, Bi Zubeda alisogea akamshika viwiko kwa upole uleule wa siku za matanga.

"Usitikisike, mwanangu. Karibu tunamaliza."

Walipomaliza walipiga makofi, na Bi Zubeda akapewa cheti.

Walirudi kwa lori moja. Bi Zubeda alikata mkate wa kumimina, akampa Siwema kipande kikubwa. Walipokuwa wanakaribia Kisarawe, Siwema aliuliza habari za daftari lake.

"Limekwenda na bwana wa kampuni," alisema mwalimu.

"Litarudi, mwalimu?"

"La nini tena? Mchoro si unao?"

Nyumbani Siwema alijisugua kwa sabuni, kwa ndimu, mwisho kwa mchanga. Mchoro haukutoka, na shangazi yake alimwambia aache kumaliza ndimu. Akaketi kuandika mawazo yake. Aliandika korosho, pindo na suruali, na mwisho akaandika kuwa mchoro bora wa mkutano ulikuwa wa Mwamini wa Kibuta. Jumatatu aliyasoma mbele ya darasa. Wenzake walicheka alipofika kwenye suruali, na Bi Zubeda naye alicheka.

Alhamisi daftari jipya lilirudi limesahihishwa kwa wino mwekundu. Alikuwa amepata tisa kwa kumi. Jina la Mwamini lilikatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake likaandikwa la Zubeda, kwa mwandiko mzuri. Chini kabisa paliandikwa: Kosa moja.

Siwema alitazama kifundo chake cha kushoto. Katika darasa lile kila kosa lilirudiwa kwa usahihi mara kumi kabla ya mwanafunzi kwenda nyumbani. Akachovya kalamu, akaliandika jina la mwalimu wake mara kumi.