Chaza za Bi Dalva

Wiki nzima mjukuu wangu Jucilene aliniambia neno moja tu. "Bibi, Jumapili sitaki kuona chaza ndani ya nyumba hii. Hata moja."

Nilimwelewa. Mama wa mchumba wake, Valdecir, alikuwa anakuja kutoka jiji la Curitiba kutuona kwa mara ya kwanza. Kwetu huku kwenye mikoko ya Cananéia, chaza ni chakula cha siku ambayo hakuna kitu. Mgeni unamchinjia kuku. Ukimwekea chaza ni kama umemwambia, samahani, sikujua unakuja. Mimi nimezibandua kwenye mizizi tangu nina miaka saba, nimezipika na wali, nimezikaanga na unga wa muhogo, nimelea watoto watano kwa hizo hizo. Mgeni sijawahi kumwekea.

"Mama yake ni mtu wa kuangalia," Jucilene alisema.

"Anaangalia nini?"

"Kila kitu. Akituona watu wa matope, basi. Valdecir hawezi kumkatalia mama yake."

Basi tukachinja kuku wawili. Mume wangu Leôncio akapewa kazi ya kuficha magunia na visu, na kufunika kichuguu cha maganda kilichoko nyuma ya nyumba. Alikitandikia turubai akapanga makopo ya maua juu yake.

"Wakiuliza nimefunika nini, niseme nini?"

"Sema ni kuni, babu."

"Kuni zinanuka hivi?"

Walifika kwa boti kabla ya saa sita. Bi Dalva, mama yake Valdecir, alikuwa mwanamke mdogo, gauni la buluu lililonyooshwa vizuri, na mapajani alikumbatia kasha la barafu kwa mikono miwili. Mwenye boti alitaka kumpokea, akakataa. Valdecir alitaka kumpokea, akakataa. Alilibeba mwenyewe mpaka jikoni kwangu, akaliweka mezani.

"Sikuweza kuja mikono mitupu kumwona mkwe wangu," alisema. "Nimeleta kitu cha heshima."

Akafungua. Chaza, dazeni mbili, ndani ya maji ya barafu.

Leôncio alishikwa na kikohozi ikabidi atoke nje. Jucilene alinitazama, nami nikatazama dari.

"Miaka kumi na minane nilibeba sahani za hizi hotelini," Bi Dalva alisema. "Watu wanakuja siku zao kubwa, harusi, kazi mpya, mtoto amefaulu. Nawawekea, naondoka. Sikuwahi kuonja. Nikajiapia kwamba siku mwanangu akipata mke nitazila, na nitazila pamoja na watu wa mke. Nimezinunua Alhamisi. Nimezilaza kwenye maji ya bomba, na kila asubuhi naamka nazibadilishia maji, zisife njiani."

Maji ya bomba. Siku tatu. Chaza haiishi bila maji ya chumvi.

"Kaa kwanza upumzike, mwenzangu," nikamwambia. "Hizi niachie mimi."

Alipokwenda sebuleni nilichukua mbili nikazigonga moja kwa nyingine. Chaza hai hulia kama kokoto mbili. Hizi zililia kama sanduku tupu. Nikagonga nyingine mbili. Na nyingine. Sanduku tupu, sanduku tupu.

Sebuleni Jucilene alikuwa anaeleza habari za shule anayofundisha. Alikatiza sentensi katikati. Amelelewa na sauti ile, huhitaji kumwambia. Akaja jikoni akafunga mlango.

"Ngapi, bibi?"

"Zote."

Kumlisha mtu zile ni kumpeleka hospitali. Kumwambia zimekufa mikononi mwake, siku ya kwanza, mbele ya mwanawe, sikuwa na ulimi wa kulisema. Na nilijua Jucilene angeweza kusema, zimwage, bibi, tule kuku, ndicho nilichotaka tangu mwanzo. Alikwenda dirishani, akatazama mfereji wa bahari unaopita jirani na nyumba.

"Maji yanajaa," alisema. "Vitanda bado havijazama."

Vitanda ni zile meza za fito na wavu tunakonenepeshea chaza zetu, ng'ambo kidogo ya uwanja.

"Na gauni hilo?"

"Bibi, alikuwa anaamka kila asubuhi kuzibadilishia maji."

Akavua viatu, akafunga gauni lake la manjano kiunoni, akatoka mlango wa nyuma.

Nilimwita Leôncio nikamnong'oneza. Alielewa upesi, ana kasoro nyingi ila hiyo hana. Akaingia sebuleni na kodiani yake iliyokufa vitufe vinne, akaanza kuwapigia. Ukija mlio wa kitufe kibovu anauimba kwa mdomo. Nilimsikia Valdecir akicheka mpaka akakosa pumzi.

Mimi niko dirishani. Maji yalikuwa yamemfika Jucilene mapajani, kisha kiunoni. Vitanda vilianza kuzama. Aliinama akapotea mzima, nikahesabu moja, mbili, tatu, akaibuka na nywele zimemganda usoni, akatupia kitu kwenye gunia. Akainama tena.

Nyuma yangu mlango ukafunguka. Bi Dalva.

"Mwenzangu, nikusaidie. Mimi si mtu wa kukaa."

Nilisimama nikaziba dirisha kwa mwili wangu wote, na Mungu alinipa mwili wa kutosha. "Kwetu mgeni haingii jikoni mpaka aitwe."

"Jucilene yuko wapi?"

"Ametoka kuchukua ndimu."

Leôncio akatokea na kodiani kifuani. "Bi Dalva, njoo nikuonyeshe jogoo wangu. Anaogopa kuku majike. Tumemwombea hata kanisani, bado."

"Mimi nimekuja kumwona mkwe, sikuja kumwona jogoo."

"Ni mwenzako huyo, na yeye ametoka mjini."

Akacheka, akamfuata. Nikarudi dirishani.

Jucilene alirudi na gunia mgongoni, meno yanagongana kwa baridi ya mwezi wa saba. Nilizigonga haraka. Kokoto, kokoto, kokoto. Alikwenda kujimwagia maji kwenye pipa na kubadili gauni, mimi nikashika kisu. Nimefungua chaza maelfu kwa maelfu, lakini siku ile mkono wangu ulikuwa kama wa mwanafunzi. Zetu hazifanani na za dukani, ni ndogo, na mgongoni zina mfereji pale zilipoukumbatia mzizi wa mkoko. Nikazilaza mgongo chini kwenye sahani yangu ya harusi, nikapanga ndimu pembeni, nikaomba Mungu asiwepo mtu wa kuzigeuza.

Tukaketi. Bi Dalva alichukua ya kwanza kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu, kisha akafumba macho.

"Unaifumbia macho ya nini?" Leôncio akamuuliza. "Haiumi."

"Ninyi nyamazeni kidogo."

Akaila. Akatafuna taratibu. Jucilene alikuwa ameshika ukingo wa meza. Bi Dalva alifungua macho, yamelowa.

"Kumbe ni bahari," alisema. "Miaka yote ile nilidhani wanajidai tu."

Akachukua ya pili. Kisha akauliza, "Na ninyi wenyeji, mnazila siku gani?"

Leôncio akakohoa. "Siku kubwa tu."

"Kama leo," nikaongeza.

Nami nikachukua yangu. Ilikuwa chaza ile ile ya maisha yangu yote, kutoka mfereji ule ule. Lakini nilikuwa nimezoea kuila nimesimama, kisu mkononi, nikiwaza mengine. Kuila nimeketi, kwenye sahani nzuri, mtu mbele yangu akiifurahia hivyo, niliionja kama kwa mara ya kwanza. Ilikuwa tamu. Sikuwa nimewahi kuisikilizia ladha. Kuku wawili walibaki karibu wazima.

Baada ya chakula Bi Dalva hakusubiri kuitwa. Aliingia jikoni, akachukua kitambaa, akaanza kufuta vyombo. Jucilene alikuwa anaosha. Mwanamke yule akaokota ganda moja, akaligeuza, akapitisha kidole chake gumba kwenye mfereji wa mgongoni. Akaokota la pili.

"Zangu zilikuwa na mgongo laini," alisema polepole.

Niliangalia chini. Jucilene alisimamisha mikono ndani ya maji.

"Zilikuwa zimekufa?"

"Ndiyo, mama," Jucilene alijibu.

"Zote?"

"Zote. Maji ya bomba huziua. Wewe hukujua."

Bi Dalva aliweka ganda chini. Alimtazama mjukuu wangu kuanzia miguuni mpaka nywele zake mbichi, hakuacha mahali. Kweli ni mtu wa kuangalia. Kisha akalowesha pembe ya kitambaa, akamshika kidevu, akamfuta nyuma ya sikio. Kitambaa kilitoka na tope jeusi.

"Ndimu zenu zinaota mbali," alisema, na akaanza kucheka, Jucilene naye, mpaka wakaegemeana.

Alipotulia akafuta macho, akanyoosha mkono kwenye gunia ambalo bado lilikuwa na chache.

"Sasa nionyesheni mnajuaje kama ziko hai."

Jucilene akampa mbili. Bi Dalva akazigonga karibu na sikio lake, kokoto kwa kokoto, akagonga tena.