Kola ya Gauni la Kijani

Mumewe aliuza mitumba, na kila alipofungua robota jipya, nguo iliyompendeza kuliko zote haikuuzwa. Ilikuja nyumbani kwa mkewe. Ndivyo ilivyokuwa tangu waoane, na mke hakuwahi kufikiri kwamba heshima hiyo ingeweza kuhama. Ijumaa hiyo mume akaingia na gauni la kijani lenye kola ndefu ya lesi, na lesi nyembamba kwenye ncha za mikono, akampita mkewe mlangoni, akamkabidhi dada yake aliyekuwa akiishi nao.

"Jumatatu anaanza kazi mapokezi," alisema. "Lazima atoke amependeza. Mke wangu, utamfulia, si ndiyo?"

"Kwa nini nisimfulie?" alijibu mke, na tabasamu lake lilikuwa la kuazima.

Moyoni alikuwa anaungua. Wifi yake ana ujana, ana kiuno, ana kazi, na sasa ana gauni. Mtu mmoja apewe vingapi? Yeye amebakiziwa beseni!

Tena kwa beseni hakuwa na mpinzani. Nyumbani walimwita Bwana Afya. Hakuna mtumba uliovuka kizingiti chake bila kukung'utwa uani, kugeuzwa ndani nje, kukaguliwa mishono, kulowekwa kwenye maji ya moto na sabuni, na kusuuzwa mpaka maji yatoke safi. Kisha jua kali, kisha pasi ya moto, hasa kwenye mishono. "Ile dawa wanayopulizia marobota haikuwekwa kwa ajili ya ngozi yako," alizoea kuwaambia. Aliwahi kumvua mumewe shati mbele ya wageni kwa sababu lilikuwa halijaguswa na sabuni.

Jumamosi nyumba ilipobaki tupu, alibandika maji jikoni. Shetani akamwonyesha chupa ya dawa ya kung'arishia mashuka meupe. Kofia moja tu, na kijani chote kingekwenda na maji. Aliisukuma kando kwa mguu, hakuwa amefika huko. Alitaka kujua jambo moja tu: ni nani gauni lile lingemkaa zaidi.

Akajifungia chumbani, akalivaa vilevile kabla ya kulifua, na harufu yake ya robota, akafunga vifungo mpaka kidevuni. Mbele ya kioo akageuka huku, akageuka kule. Lilimkaa! Akaketi nalo kitandani kama mgeni rasmi, jasho likimtiririka shingoni, mpaka maji yakakaukia jikoni na ikabidi abandike mengine. Kisha akalifua kwa hatua zote, bila kuruka hata moja.

Usiku alijikuna mpaka akachoka. Asubuhi alijifunga kitambaa shingoni, akaenda kuandaa chai. Wifi akatoka chumbani amelivaa gauni kulijaribu, safi, limenyooka, na kaka yake akapiga makofi.

"Umetisha!"

Mke aliinama kumimina chai, kitambaa kikateleza. Shingo yake ilikuwa imevimba vipele vyekundu, duara zima kutoka kooni hadi kidevuni, na matundu ya lesi yalihesabika kwenye ngozi. Mume akaitazama kola ya dada yake, akaitazama shingo ya mkewe, akaangua kicheko hadi akashika meza.

"Bwana Afya! Jamani, Bwana Afya!"

Wifi hakucheka. Alimsogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Wifi, lilikukaa?"

Alikuwa na uongo tayari: mbu, sabuni mpya. Ukamkwama.

"Lilinikaa kuliko linavyokukaa wewe," alisema, machozi yakimlengalenga. "Na wa kuletewa ni mimi."

Kicheko cha mume kikakatika. Akavuta kiti na kukaa, macho yakiwa kwa mkewe.

"Haya, geuka nikupake dawa," wifi alisema.

Mke aligeuka, akapakwa. Lakini mkono wa wifi ulipopita shingoni, mke alikuwa anaitazama ile lesi kwenye kifundo cha mkono huo, na bado aliitaka.