Harufu ya Teluri

Katika maabara ya Uppsala, mkemia Gunvor alikuwa akichunguza kama dawa zenye elementi adimu ya teluri zinaweza kukinga seli zisichakae. Tone moja likapenya glavu, na tangu hapo pumzi yake ikawa inanuka kitunguu saumu. Mswaki haukufua dafu.

"Kwaya siendi," alimwambia mumewe, Torbjörn. "Nitanuka hivi wiki kadhaa. Nenda peke yako."

Torbjörn, ambaye kitunguu saumu hakukiweza hata kwenye supu, alikwenda jikoni. Alimenya kichwa kizima, akapanga punje mbichi juu ya mkate mkavu, akatafuna huku machozi yakimtoka.

"Una wazimu, mzee wewe?"

"Vaa koti twende. Wakiziba pua, watajuaje ni nani kati yetu?"