Maji ya Mama

Kiharusi kilipompooza Mama Mukarusanga upande wa kulia na kumfunga ulimi, binti yake Abigaïl ndiye aliyemwogesha kila asubuhi, nyumbani kwao Songo, mtaa mmoja wa mji wa Uvira. Kisha, mwaka ule wa sitini na nne, waasi wakaingia Uvira. Abigaïl akavuka mpaka na watoto wake kwenda Bujumbura. Mama hakuweza kusafiri, basi Manassé, mwanawe wa kiume, akabaki naye.

Manassé alijua kusonga ugali na kumlisha mama kidogo kidogo. Alijua kumnyoosha vidole vilivyokakamaa. Lakini kumwogesha! Tangu lini mwanamume akamvua mama yake nguo? Siku mbili alizunguka kwa majirani akitafuta mwanamke wa kumsaidia, akakuta milango imefungwa. Watu walikuwa wamekimbilia milimani.

Siku ya tatu akapasha maji, akaleta beseni, akasimama kando ya kitanda macho chini.

"Mama, unisamehe."

Mdomo wa mama ukahangaika, ukapinda.

"Minye… nilikuosha weye," akasema taratibu. "Sikuona haya."

Lilikuwa neno lake la kwanza kueleweka tangu augue. Manassé akacheka huku machozi yakimtoka. Akamfunika kitenge, akapitisha kitambaa chenye maji chini ya kitenge hicho, akamsugua mgongo polepole.

"Maji iko moto sana?"

"Iko muzuri," akajibu mama, akafumba macho.

Tangu siku hiyo hakutafuta tena jirani. Na maneno ya mama yalirudi hivyo hivyo, moja moja, asubuhi wakati wa kuoga.