Kadi ya Apollonia

Kwa miaka thelathini na moja Wendelin Kress alikuwa akipanga kadi za kamusi ya lahaja za Hesse, Ujerumani, kwenye chumba cha ghorofa ya tatu kilichotazama mto. Kila kadi ilibeba neno, sentensi, kijiji, mwaka na jina la aliyetamka. Isiyo na shahidi haikuingia sandukuni.

Asubuhi hiyo ya ukungu yeye na wenzake walikuwa wamefika kwenye aufhören, kitenzi cha kuacha jambo. Ndani yake mmelala hören, yaani kusikia. Hati kuukuu zilionyesha nasaba yake: hapo kale mtu aliinua sikio, karne zikapita, akawa ameacha alichokuwa akifanya. Hatua ya katikati tu, pale anayesikiliza anapositisha kazi, ndiyo iliyowasumbua: haikuwa na shahidi.

"Hii hapa!" Bi Roswitha, mkuu wa kamusi, aliingia akipunga kadi iliyogeuka manjano. "Mwandiko wako wa ujana, Bwana Kress. Apollonia Kress, shamba la viazi. Kengele ikilia anawaambia wenzake wainue masikio, na majembe yote yanatulia. Bibi yako katuokoa! Adhuhuri rasimu inakwenda kwa mpiga chapa."

Wendelin aliipokea. Shamba likamjia tena: wanawake wameinama ukunguni, kengele inalia mbali, mikono inaganda hewani. Mmoja anaanza kugeuka. Uso wake haufiki kamwe.

"Sikumsikia," alisema polepole. "Alikufa nikiwa wa miezi minane. Niliota."

"Uliota?" Bi Roswitha akaketi juu ya meza. "Wewe? Uliyenirudisha kijijini mara mbili, kwenye theluji, kwa sababu ya tarehe?"

"Mimi."

"Mzee mbaya wewe. Kwa nini?"

"Kwetu kaburi hukodishwa kwa miaka, na muda wa lake ulikwisha mwaka nilioandika kadi. Jiwe likaondolewa, akazikwa mtu mwingine pale. Jina lake halikubaki popote."

Bi Roswitha alitazama nje. "Nikiiacha iingie, hakuna atakayejua. Sema wewe."

Wendelin aliisoma kadi mara moja zaidi, kama anayesoma barua. Kisha akachukua penseli nyekundu, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Katika rasimu ya kamusi, penye hatua ya katikati, akaandika: *haina ushahidi*.

Sandukuni, kadi zilizobaki ziliegemeana, pengo likazibika. Akavuta iliyofuata.