Vyuma Viwili Ndani ya Koti

...eti nieleze, nieleze nini na mimi nimesimamishwa juu ya mzani kama gunia, na mjukuu wangu kapiga magoti mbele yangu na simu yake, Bibi usitikisike, Bibi vua koti la babu basi, sivui, nasikia baridi, jua lote hili Bibi?, hujazeeka wewe, soma namba zako uniache... lakini hasomi, anaiuliza simu, nayo inamjibu kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri, tangu mama yake atie humo kidude kipya kinachomruhusu huyo msaidizi wa akili bandia kufungua kila kipimo kilichowahi kupita kwenye mzani huu, vyangu na vya marehemu, siku kwa siku, na jana kilimfukulia mama yake Alhamisi moja ya mwaka juzi, eti Jumamosi babu kilo hamsini na moja, Alhamisi arobaini na sita, Jumamosi tena hamsini na moja, Bibi, ilikuwaje?, mimi nijue wapi, kwani mzani niliutengeneza mimi... daftari la mume wangu, fundi cherehani, lilijua viuno vya mtaa mzima na halikufungua mdomo, miaka arobaini, mke wa mwalimu mkuu anakuja kupimwa, anabana pumzi mpaka macho yanamtoka, mume wangu anamzungushia tepu, anatangaza kwa sauti, thelathini na nne!, mama wa watu anachanua, na mimi pembeni, mimi niliyeishia darasa la tatu, naandika thelathini na sita, ongeza mbili, ndilo lilikuwa neno letu, na gauni linamkaa kama amemwagiwa, hakuna aliyewahi kurudisha nguo... Bibi, unanisikia?, nakusikia, mimi si kiziwi... ndiyo maana binti yetu alipoleta mzani huu, akasema namba zitanifikia huko huko kwenye simu, Baba ukishuka chini ya hamsini nakuja kukuchukua ulazwe, fundi hakubisha, alinitazama tu, akasema, mama, ongeza mbili, nami nikaelewa, akashona mifuko ndani ya bitana ya koti hili hili, mmoja kila kwapa, kila Jumamosi natumbukiza humo vile vyuma viwili vya kukandamizia kitambaa anapokata, kilo mbili na nusu kila kimoja, anapanda mzani akiyumba kama bwana harusi aliyelewa, tunacheka, Mungu atusamehe, tulicheka mpaka akakohoa... na sasa vimo kwapani mwangu, maana na mimi nimeambiwa hivyo hivyo, chini ya hamsini nachukuliwa, na nimekonda, nani anapikia mdomo wake peke yake akashiba... Bibi, mama analia tangu jana, analilia nini mtu mzima yule?, anasema namba ile ya Alhamisi aliiona siku ile ile, akadhani mzani umekosea, akaipuuza, anasema angekuja siku ile babu angepona, anasema yeye ndiye aliyemuua, nani kasema upuuzi huo?, mama, Bibi, mama mwenyewe... Alhamisi, Alhamisi ndiyo siku yangu ya kwenda kununua uzi, nilirudi nikamkuta amekaa kitandani na fulana, koti limetundikwa mlangoni, nikamwuliza unatafuta mafua?, akasema simama nikupime, gauni la nini tena?, simama wewe mwanamke usiye na shukrani, akanizungushia tepu, akataja kiuno, thelathini na nane, namba yenyewe, hakupunguza hata nusu, yeye ambaye tangu harusi hajawahi kunitajia kiuno changu bila kunipunguzia mbili, nikamtukana, nikamwambia umezeeka hata adabu imekuisha, akacheka kidogo, akakunja tepu... kumbe alikuwa ametoka kwenye mzani, peke yake, bila koti, bila vyuma, alishajua, na alikuwa ananiambia, leo namba yenyewe, mke wangu, na mimi nikanuna siku mbili, Jumamosi nikachukua vyuma nikamvisha tena, naye akaninyooshea mikono kama mtoto, hakusema ongeza, hakusema punguza... miezi mitatu baadaye tukamzika, na aliyeongeza ni mimi, anayelia ni mwanangu... nikinyamaza nani atajua, simu inajua namba, vyuma haivijui, nitafia humu humu nyumbani kwangu na cherehani yake pembeni, nikisema nitakaa kwa binti yangu ghorofa ya nne, naangalia mapaa ya watu, napikiwa uji usio na chumvi, naulizwa kila saa kama nimekwenda haja... ile tepu ilikuwa na joto la mikono yake, bado naisikia kiunoni... Bibi, nisome sasa?, ngoja, usisome, shika hiki kwanza, na hiki, usiviangushie vidole, ni vya babu yako... haya, muulize huyo binti wa kwenye simu, naye anajibu kwa sauti yake nzuri, arobaini na saba, hakuniongezea, hakunipunguzia, na mimi nimesimama pale pale, mjukuu kakodoa macho na vyuma mkononi, Bibi, hivi ndivyo...?, ndivyo, mpigie mama yako, mwambie mzani haukukosea, wala yeye, mwambie ni mimi, kisha mwambie aje na gari Jumamosi, ufunguo wa nyumba nitampa mwenyewe mkononi.